Singletoni, Ushahidi na Mashimoni: historia ya msimbo uliodhani uko peke yake

Leo tuzungumzie singletoni, na jinsi watengenezaji wa programu za wavuti walivyoiacha polepole wakahamia njia nyingine. Si somo la kuwatisha. Hata kama hujawahi kuandika msitari mmoja wa PHP, twende pamoja, utaelewa.

Kijana anayejifunza kazi hii huambiwa mapema: "Usitumie singletoni, tumia dipendensi injeksheni." Akiuliza kwa nini, hupewa mifano ya duka la vitabu au akaunti ya benki ambayo haijawahi kuwako. Mimi naona tunao mfano wetu wa nyumbani, na ni bora kuliko hiyo. Msimbo wa Ushahidi uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Ukiufuata toleo baada ya toleo unaona jinsi singletoni ilivyoingia, ilivyosaidia, ilivyoanza kubana, na jinsi ilivyotolewa. Na waliotegemea msimbo huo ni watu wa kweli, wakiwemo wakaaji wa Kibera.

Mashimoni ipi?

Kabla ya kompyuta, nikuulize swali. Nikikutumia ujumbe: "Kuna moto Mashimoni, leteni msaada," utaenda wapi?

Anayekaa Kibera atashuka mbio kwenye kijiji cha Mashimoni, kimoja cha vijiji vya hapo pamoja na Kianda, Gatwekera, Lindi, Silanga, Laini Saba na vinginevyo. Lakini Mathare, upande mwingine kabisa wa jiji, nako kuna Mashimoni. Aliyetuma ujumbe hakukosea. Kwake yeye Mashimoni ni moja tu, ile anayolala. Tatizo linaanza ujumbe ukifika mezani kwa mtu anayepokea habari za jiji zima.

Hilo ndilo tatizo la singletoni lote, nimelimaliza. Yanayobaki ni maelezo.

Mwaka 1994 wataalamu wanne, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, walitoa kitabu chenye mitindo 23 ya kusanifu programu. Mmoja wa mitindo hiyo ni singletoni: klasi inayohakikisha kwamba kitu chake kitakuwa kimoja tu katika programu nzima, na kwamba yeyote, popote alipo ndani ya msimbo, anaweza kukiita moja kwa moja. Unataka hifadhidata? Ita `Database::instance()`. Unataka kujua ni mtumiaji gani ameingia? Ita `Session::instance()`. Huombi ruhusa kwa mtu, hubebi kitu mkononi. Ni kama kusema "Mashimoni" na kutarajia kila mtu ajue ni ipi.

Januari 2008: hakukuwa na muda

Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ghasia zikaenea, Kibera ikiwa mojawapo ya sehemu zilizoumia sana. Tume ya Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133 nchi nzima.

Mapema Januari 2008 Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, alitoa wito: nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ni wapi nini kinatokea? Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitika. Ndani ya siku chache tovuti ya Ushahidi ikawa hewani. Mtu aliweza kutuma habari kupitia wavuti au kwa SMS, na habari ikawekwa kwenye ramani.

Nchi inaungua, una siku chache, unataka ramani moja ya nchi moja yenye hifadhidata moja. Hapo nani atakaa chini kufikiria usanifu? Katika hali hiyo dhana kwamba "kuna moja tu" ni kweli tupu. Anayewacheka walioandika msimbo wa haraka mwaka ule hajui kazi.

Kohana, fremuwaki ya "instance"

Baadaye mwaka huo huo wa 2008 Ushahidi iliandikwa upya iwe chombo ambacho mtu yeyote duniani anaweza kukichukua na kukisimamisha kwenye seva yake. Lugha iliyochaguliwa ni PHP, juu ya fremuwaki iitwayo Kohana.

Kohana ilichipuka kutoka CodeIgniter mwaka 2007. CodeIgniter ilikuwa na fanksheni maarufu, `get_instance()`, iliyokupa mlango wa kufikia kila kitu. Kohana ya mfululizo wa 2 ilirithi tabia hiyo na kuieneza: `Database::instance()`, `Session::instance()`, `Input::instance()`, na kadhalika. Kwa mtu anayeanza ilikuwa raha. Msitari mmoja, kazi imekwisha. Nami sishangai kwamba fremuwaki za namna hii zilipendwa sana Nairobi miaka ile. Seva za bei nafuu zilikubali PHP bila maneno, na mafunzo yalikuwa mepesi kufuata.

Ukifungua Ushahidi ya mfululizo wa 2 unaiona dhana ya "moja tu" hata ndani ya hifadhidata yenyewe. Katika matoleo ya mwanzo, mipangilio ya tovuti ilikaa kwenye jedwali lenye safu moja, na msimbo uliisoma kwa kuomba mipangilio namba 1. Hakukuwa na namba 2. Singletoni iliyoandikwa kwenye diski!

Ramani zikawa nyingi

Mwishoni mwa 2009 ulianza mradi wa Map Kibera. Kwenye ramani za kawaida Kibera ilionekana kama doa tupu kusini magharibi mwa jiji. Vijana wa vijiji vyake walifundishwa kutumia GPS, wakapita vichochoroni wakiandika zahanati, vyoo, shule na sehemu za maji, wakaviingiza kwenye OpenStreetMap. Kisha likaja Voice of Kibera, jukwaa la habari za mtaa lililosimama juu ya Ushahidi. Mkaaji anatuma SMS, wanaosimamia wanaikagua, habari inaonekana kwenye ramani ya mtaa wao.

Kwa hiyo kufikia 2010 msimbo ule ule ulikuwa ukiendesha Voice of Kibera, ramani ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari mwaka huo, na Uchaguzi, iliyofuatilia kura ya maoni ya katiba ya 4 Agosti. Kila moja ilikuwa na hifadhidata yake. Bado "moja tu" ilikuwa kweli, kila mtu kwake.

Agosti 2010 ikazinduliwa Crowdmap. Sasa hukuhitaji seva. Unajisajili, unapewa ramani yako, na ramani nyingi zinaendeshwa na msimbo mmoja mahali pamoja. Hapo ndipo swali letu linaporudi: msimbo unaposema `Database::instance()`, unamaanisha hifadhidata ya nani?

Jibu lililotumika ni la kawaida katika PHP: mwanzoni mwa kila ombi angalia anwani iliyoitwa, chagua hifadhidata inayohusika, iweke kwenye mipangilio ya jumla, kisha acha msimbo uliobaki uendelee kuita kama zamani. Na lilifanya kazi. Lilifanya kazi kwa sababu PHP ya kawaida ina tabia nzuri ya kusahau: kila ombi la ukurasa huanza na kumbukumbu tupu na huisha kwa kufuta yote. Singletoni ya PHP haiishi zaidi ya ombi moja.

Lakini weka kazi ya nyuma ya pazia, programu inayokaa macho usiku kucha ikipokea SMS za ramani mbalimbali moja baada ya nyingine, na bahati hiyo inakwisha. Singletoni iliyofunguliwa kwa ajili ya ramani ya kwanza inabaki wazi ramani ya pili inapofika. Ujumbe wa mtu wa Mashimoni ya Kibera unaweza kuandikwa kwenye hifadhidata ya watu wengine kabisa. Hakuna hitilafu itakayoonekana, wala onyo, maana kila kitu "kimefanya kazi". Fikiria ujumbe wenyewe unataja mtu aliyevamia jirani yake, pamoja na namba ya simu ya aliyetoa habari. Kosa la namna hiyo haliombewi radhi kirahisi.

Kudunga ni nini?

Wakati Wakenya wanafanya haya, huko duniani mjadala ulikuwa umepamba moto. Januari 2004 Martin Fowler aliandika makala iliyolipa jambo jina lake: dipendensi injeksheni. Mwaka huo huo fremuwaki ya Spring ya Java ilifikia toleo la 1.0. Mwaka 2007 Google walitoa Guice. Mwaka 2008 Miško Hevery, mhandisi wa Google, aliandika kwamba singletoni ni waongo, kwa kuwa klasi inayozitumia haisemi ukweli kuhusu inachokihitaji. Na mwaka 2009 Erich Gamma mwenyewe, yule wa kitabu cha 1994, akihojiwa alisema kama angekiandika upya angeiondoa singletoni. Mwaka huo pia Fabien Potencier alitoa Pimple, kontena ndogo sana iliyowaonyesha watu wa PHP kwamba jambo hili si la Java peke yake.

Injeksheni, kama jina linavyosema, ni kudunga. Nitaiita udungaji wa vitegemezi, yaani kitu hakiendi kutafuta kinachokitegemea, kinapewa.

Chukua kibanda cha chai. Kuna njia mbili za kupata maji. Ya kwanza, mama mwenye kibanda ameandika ndani ya namna yake ya kupika chai: "nenda kwenye bomba la pale kona, teka." Siku bomba hilo likikauka hakuna chai, hata kama mabomba mengine kumi yanatiririka. Ya pili, maji yanaletwa mlangoni kwa mtungi wa lita 20. Namna ya kupika inasema tu "nipe maji." Yametoka bomba gani ni kazi ya anayeleta. Chai haibadiliki.

Kwa msimbo, njia ya kwanza ni hii:

```
class PokeaRipoti {
  public function pokea($ujumbe) {
    Hifadhi::instance()->andika($ujumbe);
    Sms::instance()->tuma($ujumbe->simu, 'Tumepokea.');
  }
}
```

Na ya pili:

```
class PokeaRipoti {
  private $hifadhi;
  private $sms;

  public function __construct(Hifadhi $hifadhi, MtumaSms $sms) {
    $this->hifadhi = $hifadhi;
    $this->sms = $sms;
  }

  public function pokea($ujumbe) {
    $this->hifadhi->andika($ujumbe);
    $this->sms->tuma($ujumbe->simu, 'Tumepokea.');
  }
}
```

Tazama konstrakta. Ukisoma msitari ule mmoja umejua yote klasi hii inayohitaji. Ya kwanza ilikuficha. Na katika ya pili swali la "Mashimoni ipi?" linajibiwa na anayejua jibu, yaani aliyepokea ombi na kuona limetoka ramani gani. Klasi ya ndani haikisii.

Toleo la 3

Ushahidi hawakuchukua mfululizo wa 2 na kuubandika viraka. Waliandika upya, na toleo la 3 likazinduliwa rasmi 2015. Kohana ilikuwa bado ipo, sasa ya mfululizo wa 3, lakini ilisukumwa pembeni. Katikati kuliwekwa folda iitwayo `src/Core`, yenye kazi halisi za jukwaa: kuunda ripoti, kuisoma, kuihariri, kuifuta. Kila kazi ni klasi yake, na kila klasi inakabidhiwa vitegemezi vyake. Anayekabidhi ni kontena iitwayo Aura.Di: mahali pamoja palipoandikwa nani anapewa nini.

Faida ya kwanza ilikuwa majaribio. Msimbo wa `src/Core` ulijaribiwa kwa PhpSpec, chombo kinachotengeneza vitu vya bandia na kuvikabidhi kwa klasi inayojaribiwa. Unaipa hifadhi ya bandia, unaipa mtu wa bandia asiye na ruhusa, unatazama kama inakataa kama inavyotakiwa. Huhitaji MySQL wala intaneti. Ukiwa na singletoni huwezi kufanya hivyo bila hila, kwa sababu klasi itaruka mikono yako na kwenda kuita hifadhidata ya kweli.

Faida ya pili ilionekana baadaye. Kohana ilifika mwisho wa maisha yake mwaka 2017, na Ushahidi ikahamia Lumen, ndugu mdogo wa Laravel. Kuhama fremuwaki ni kazi nzito daima. Lakini `src/Core` haikuwa imejifunga kwa Kohana, kwa hiyo moyo wa programu ulihama ukiwa mzima. Msimbo uliojaa `instance()` za Kohana ungelazimika kuandikwa upya msitari kwa msitari.

Sasa nisije nikaonekana napamba. Toleo la 3 lilikuwa pia na fanksheni ndogo iitwayo `service()`. Ukiandika `service('repository.user')` popote, kontena inakuletea unachotaka. Je, hiyo si singletoni iliyovaa koti jipya? Naona ni hivyo, kwa sehemu kubwa. Ukiiita ndani ya klasi, umerudi kwenye kuficha. Tofauti ni kwamba kazi za ndani za `src/Core` zilidungwa kwa konstrakta, na `service()` ikabaki zaidi pembezoni, pale msimbo mpya ulipokutana na Kohana ya zamani. Kama daraja ni sawa. Hatari ni watu kujenga nyumba juu ya daraja.

Ukitaka kufanya kwako

Wengi tuna tovuti ya zamani inayolisha watu, na huwezi kuizima miezi sita uandike upya. Fuata hatua hizi, polepole:

1. Tafuta kila `::instance()` kwenye msimbo wako na uzihesabu. Usianze na zote. Anza na zinazogusa hifadhidata, pesa, au kutuma ujumbe.

2. Katika klasi moja, toa wito ule ndani ya fanksheni na uhamishie kwenye konstrakta, ukiacha njia ya zamani kama akiba:

```
public function __construct($hifadhi = null) {
  $this->hifadhi = $hifadhi ?: Hifadhi::instance();
}
```

Hakuna kitakachovunjika, na tayari unaweza kuandika jaribio.

3. Wanaoitengeneza klasi hiyo waanze kuikabidhi hifadhi wenyewe, mmoja mmoja. Wakiisha wote, ondoa akiba.

4. Kazi ya kutengeneza vitu ikusanye mlangoni, karibu na `index.php`. Ndani kabisa pasiwe na anayejitengenezea.

5. Kontena iwe ya mwisho. Programu ndogo haiihitaji, `new` inatosha. Ukiihitaji, chagua inayofuata PSR-11, makubaliano ya watu wa PHP ya 2017, ili usifungwe na mtengenezaji mmoja.

Na neno la tahadhari. Kuwa na kitu kimoja si dhambi. Huenda programu yako itakuwa na hifadhidata moja tu mpaka kiama, na ni sawa kabisa: tengeneza moja mlangoni, uikabidhi kwa wote. Ubaya ni klasi yenyewe kudai kwamba haiwezi kuwako nyingine, na kumlazimisha kila mtu aamini hivyo.

Kwa nini tunajali

Kuna wanaosema haya ni mapambo ya wasomi, mteja haoni konstrakta. Kweli haoni. Lakini fikiria kijana wa Kibera au Kawangware mwenye kompyuta ya mtumba na bando la siku moja, anayetaka kurekebisha kasoro kwenye programu inayotumika mtaani kwake. Msimbo wa singletoni unamwambia: simamisha kwanza seva nzima, hifadhidata nzima na akaunti ya SMS, ndipo ujaribu msitari wako. Atakata tamaa kabla ya saa sita mchana. Msimbo uliodungwa unamwambia: hii hapa klasi moja, hivi hapa vitu viwili inavyohitaji, vitengeneze vya bandia, jaribu. Chombo kilichozaliwa kwa ajili ya watu wa mtaa kinaweza hapo kurekebishwa na watu wa mtaa, wanaojua bila kuuliza kwamba Mashimoni si moja.

Haya, leo niishie hapo. Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kuandika jaribio la kwanza kabisa kwenye msimbo wa zamani ambao haujawahi kujaribiwa. Mpaka hapo, fungua msimbo wako uhesabu hizo `instance()`.